Kuyatangulia madhara ya mionzi ya kichwa na shingo: mwongozo wa mgonjwa na anayemuuguza

Mtu akishaambiwa kwamba saratani yake ya koo, ulimi, zoloto au nyuma ya pua itatibiwa kwa mionzi, huuliza kama atapona. Swali linalofuata, ambalo wengi hubaki nalo moyoni, ni mionzi yenyewe itamfanya nini. Mwongozo huu unajibu hilo la pili. Katika kuwauguza wagonjwa hawa nimeona wengi wakiumia kuliko ilivyolazimu, na mara nyingi chanzo kilikuwa kungoja: kungoja kidonda kiwe kikubwa ndipo waombe dawa ya maumivu, kungoja nguo zipwaye ndipo waseme hawali. Madhara ya mionzi ya eneo hili yana ratiba, na ratiba hiyo inajulikana. Anayeijua hujiandaa mapema.

Ratiba ilivyo

Kwa kawaida tiba hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 7. Kila siku mgonjwa hupata takriban grei 2 za mionzi (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Anayetibiwa baada ya upasuaji mara nyingi hufika jumla ya grei 60 au zaidi kidogo, na anayetibiwa kwa mionzi bila upasuaji hufika karibu grei 70. Kipindi, yaani tiba ya siku moja, huchukua dakika chache na hakiumi. Mionzi inayotoka kwenye mashine haibaki mwilini, kwa hiyo mgonjwa anaweza kumpakata mtoto na kulala na mwenzi wake bila kumdhuru yeyote.

Wiki ya kwanza mtu hujiona mzima, na wapo wanaodhani wamebahatika. Utando laini unaofunika ndani ya mdomo na koo hujifanya upya kila baada ya wiki moja hadi mbili. Mionzi huzizuia chembe za chini zisizaliane, lakini tabaka la juu bado lipo na linaendelea kufanya kazi. Likishachakaa, hakuna la kulirithi. Ndiyo maana vidonda vya mdomoni huanza wiki ya 2 au ya 3, na ngozi ya shingo nayo hubadilika wakati huohuo. Kilele cha yote huja wiki za mwisho za tiba na wiki 2 hivi baada ya mashine kuzimwa. Hili la mwisho mwambie kila mtu nyumbani. Familia nyingi husherehekea siku ya mwisho ya mionzi, kisha hushtuka kuona mgonjwa anazidi kudhoofu, wakadhani tiba imeshindwa. Haijashindwa. Dozi aliyopata bado inafanya kazi, na mwili unahitaji muda kuanza kujijenga.

Kama mionzi inaambatana na kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, hasa ile iitwayo sisplatini, vidonda huwa vikali zaidi na huongezeka kichefuchefu, mzigo kwa figo na hatari kwa masikio.

Hatua ya 1: Kabla ya kipindi cha kwanza, nenda kwa daktari wa meno

Kati ya yote yaliyomo humu, hili ndilo likipita limepita. Mionzi hupunguza mishipa midogo ya damu ndani ya mfupa wa taya, na mfupa uliopungukiwa damu hauponi vizuri ukijeruhiwa. Jino bovu linalong'olewa kabla ya mionzi huacha shimo litakalofunga. Jino hilohilo likisubiri hadi baada ya mionzi, linaweza kuacha mfupa ulio wazi, wenye maumivu, unaokataa kupona kwa miezi. Kwa hiyo meno yasiyookoleka yang'olewe mapema, na fizi zipewe siku 10 hadi 14 au zaidi za kupona kabla ya kuanza. Mwulize daktari wa meno kuhusu floraidi ya kupaka kila siku, dawa inayokinga meno yasioze. Utaihitaji kwa miaka.

Kabla ya kuanza, pima pia mambo mawili na uyaandike: uzito wako, na jinsi mdomo unavyofunguka. Kipimo rahisi cha mdomo ni vidole vyako vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, vikiwa vimepangwa kimoja juu ya kingine kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Wengi wenye mdomo mzima huviingiza vyote. Bila kipimo cha mwanzo hutajua baadaye kama umepoteza kitu.

Omba kuonana na mtaalamu wa kumeza na mtaalamu wa lishe sasa, wakati bado unakula vizuri, usingoje ushindwe. Kama unavuta sigara, acha. Sigara huzidisha vidonda na hupunguza nguvu ya mionzi dhidi ya uvimbe, kwa hiyo anayevuta hulipa bei kubwa zaidi kwa faida ndogo zaidi. Pombe nayo huunguza utando uliojeruhiwa.

Kisha kuna kinyago. Ili kichwa kisisogee hata kidogo, watakutengenezea kinyago cha plastiki yenye matundu. Kipande cha plastiki hulainishwa kwa joto, huwekwa usoni kikiwa vuguvugu na kulowa, na baada ya dakika chache huwa kigumu kikifuata umbo la uso wako. Hewa hupita, unapumua kama kawaida, lakini hubanwa mezani na huwezi kugeuza kichwa. Kama unaogopa kubanwa, sema siku hiyohiyo. Kuna vinyago vilivyo wazi machoni, kuna dawa ya kutuliza, na wataalamu wanakuona na kukusikia muda wote, na ukiinua mkono watasimamisha. Ndevu na nywele zibaki kama zilivyokuwa siku ya kutengeneza kinyago, maana zikibadilika sana kinyago hakikai sawasawa.

Hatua ya 2: Kinywa, kuanzia siku ya kwanza

Usingoje kidonda. Suuza kinywa tangu siku ya kwanza ya tiba. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti ya soda, koroga hadi iyeyuke. Hakikisha ni bikaboneti ya kupikia. Si hamira, si unga wa kuumulia uliochanganywa, na kamwe si magadi makali ya kutengenezea sabuni, ambayo yataunguza kinywa. Sukutua taratibu kila baada ya saa 2 hadi 4 ukiwa macho, baada ya kila mlo, na ukiamka usiku. Tema, usimeze. Andaa mchanganyiko mpya kila siku.

Mswaki uwe laini kabisa. Ukianza kuuma, uloweke kwenye maji ya vuguvugu kwanza. Kama una meno ya bandia, yavue usiku, na fizi zikianza kuuma yavae wakati wa kula tu au uyaache kabisa. Dawa za kusukutua zenye alkoholi ziepuke, hata zile zinazonukia vizuri. Pilipili, ndimu, siki, vyakula vikavu vyenye ncha na vinywaji vya moto sana vitaondoka mezani kwa muda.

Kila asubuhi, kabla ya kula, msaidizi achukue tochi na kuangalia ndani. Mgonjwa akae kwenye kiti, kichwa kimeegemea ukutani. Angalieni midomo kwa ndani, mashavu, chini ya ulimi, pande za ulimi, paa la kinywa na koo. Siku za mwanzo mtaona wekundu tu, na mgonjwa atasema anahisi kama ameungua na chai. Baadaye huja mabaka yenye utando mweupe au wa njano unaong'ang'ania, na ukiukwangua hutoa damu. Hivyo ni vidonda vya mionzi. Lakini mkiona vipande vyeupe mithili ya maziwa yaliyoganda, hasa kwenye ulimi na mashavu, na hali ikawa mbaya ghafla katika siku moja au mbili, inawezekana ni fangasi. Fangasi hupenda kinywa kisicho na mate, na hutibiwa kwa nistatini au flukonazoli. Msikwangue ili kujua tofauti. Mwonyesheni muuguzi siku hiyo. Nimewaona wagonjwa waliovumilia fangasi wakidhani ndiyo mionzi yenyewe, na maumivu yakapungua ndani ya siku chache baada ya dawa.

Kuhusu maumivu, nasema bila kusita: omba dawa mapema, na omba ya kutosha. Dawa ya kusukutua yenye benzidamini husaidia wengine wiki za mwanzo. Parasetamoli hutosha kwa muda, lakini pima joto la mwili kabla ya kuimeza, kwa sababu inaweza kuficha homa. Kufikia wiki ya 4 au ya 5, wagonjwa wengi huhitaji mofini, mara nyingi ya maji, na hakuna aibu, wala hatari ya kuwa mlevi wa dawa si kubwa inapotumiwa kwa maumivu ya kweli chini ya uangalizi wa daktari. Imeze kama nusu saa kabla ya kula ili mlo ukute koo limetulia. Mofini hufunga choo karibu kila mara, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo siku ileile unayoanza mofini. Ukipewa jeli au maji ya ganzi ya kupaka mdomoni, kuwa mwangalifu unapokula baada yake. Koo lililokufa ganzi haliwezi kukuonya chakula kinapoingia njia isiyo yake.

Asali huulizwa sana. Zipo tafiti zilizoonyesha inapunguza ukali wa vidonda hivi, na wataalamu wengine huikubali. Upande wa pili, ni sukari inayonata kwenye meno ambayo hayana tena mate ya kuyaosha. Ukiitumia, mweleze daktari, na suuza kinywa baadaye.

Hatua ya 3: Kula, kunywa na kuendelea kumeza

Jipime uzito kila wiki, mizani ileile, saa ileile, na uandike. Ukipoteza kilo 2 ndani ya wiki moja, usingoje miadi. Uzito ukishuka sana kinyago hulegea, mionzi inaweza kukosa shabaha, na pengine mpango wote ulazimike kutengenezwa upya.

Kiasi kinachohitajika ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Makadirio ya kawaida ni kilokalori 30 na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito, kila siku. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kilokalori 1,800 na protini gramu 72 hadi 90. Yai moja lina kama gramu 6 za protini, na glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kama gramu 8. Mayai 3 na glasi 4 za maziwa ni gramu 50, bado hujafika. Ndiyo sababu maji matupu na supu nyepesi, ambavyo mgonjwa huvikimbilia kwa kuwa haviumi, humwacha anakonda huku ndugu wakiona anakunywa siku nzima. Kila kinachopita kooni kibebe kitu ndani yake. Koroga unga wa maziwa kwenye maziwa, tia siagi au mafuta kwenye supu iliyosagwa, ponda parachichi, changanya karanga iliyosagwa laini, tumia mtindi. Kula kidogo mara 6 hadi 8 badala ya sahani kubwa mara 3. Kama una kisukari au figo dhaifu, viwango hivi apange mtaalamu wa lishe.

Ladha nayo hupotea mapema, mara nyingi kuanzia wiki ya 2, na chakula kikawa kama karatasi au chuma. Kwa wengi huanza kurudi miezi kadhaa baada ya tiba. Wakati huo usingoje hamu. Kula kwa saa.

Wengine hawataweza kutosheleza mwili kwa mdomo, na watahitaji mrija, ama unaopita puani, ama unaoingia tumboni moja kwa moja. Familia huuchukulia mrija kama dalili ya mwisho. Mimi nimeona mrija ukimvusha mtu wiki ngumu zaidi bila kukosa kipindi hata kimoja, kisha ukatolewa. Wasiwasi wangu uko kwingine: mtu akishapata mrija, huacha kumeza kabisa. Misuli ya koo isiyotumika hudhoofu na kukakamaa, na kuna wanaobaki na mrija kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya saratani. Kama mtaalamu hajakukataza, meza kitu kila siku hata kama ni maji kidogo.

Mazoezi ya kumeza yaanze kabla ya maumivu. Mtaalamu atachagua yanayokufaa, lakini haya mawili ni ya kawaida. La kwanza, meza mate kwa nguvu, ukibana misuli yote ya ulimi na koo kama unayemeza kidonge kikubwa. La pili, toa ncha ya ulimi, ishike kwa upole kati ya meno, umeze mate ikiwa hapo. Hili la pili lifanywe kwa mate tu, kamwe si kwa chakula wala maji.

Kaa wima unapokula na kwa nusu saa baadaye. Anayemuuguza asikilize. Mgonjwa akikohoa kila anapokunywa, sauti ikawa ya majimaji baada ya kumeza, au akipata homa na kikohozi kipya, chakula huenda kinaingia kwenye mapafu. Wapo wanaopaliwa bila kukohoa kabisa, maana koo limepoteza hisia, na wao hugunduliwa wakiwa tayari na nimonia. Kikohozi kidogo cha mezani usikidharau.

Hatua ya 4: Mate, kwanza mazito kisha machache

Tezi kubwa za mate zilizo mbele ya masikio hutoa mate mepesi, na mara nyingi ndizo zinazoathirika mapema. Kinachobaki ni ute mzito, unaovutika, unaokwama kooni na kumfanya mgonjwa atapike usiku. Inua kichwa cha kitanda. Suuza kwa ule mchanganyiko wa soda kabla ya kulala na kila unapoamka, kwa kuwa soda hulainisha ute. Kunywa kidogokidogo mchana kutwa, chombo chenye maji kiwe karibu na mkono. Hospitali nyingine hutumia mashine ndogo ya kufyonza ute, uliza kama ipo.

Baadaye ute hupungua na ukavu hubaki. Ukitaka kujua mate yako yatarudi kiasi gani, muulize daktari tezi zimepata dozi gani. Tezi ya mbele ya sikio ikibaki chini ya wastani wa grei 26 hivi, ina nafasi nzuri ya kupata nafuu, polepole, kwa mwaka mmoja hadi miwili. Mionzi ya kisasa inayobadilisha nguvu yake kulingana na umbo la uvimbe hulenga kuzikinga tezi hizi pale inapowezekana. Ukavu unaobaki husaidiwa na bazoka isiyo na sukari yenye zailitoli, dawa za kulowanisha kinywa, na kwa baadhi ya watu vidonge vya pilokapini, ambavyo havifai kwa mwenye pumu isiyodhibitiwa au aina fulani ya presha ya macho. Kinywa kikavu huozesha meno kwa kasi, hasa kwenye shingo ya jino karibu na fizi. Floraidi kila siku, peremende za sukari hapana.

Hatua ya 5: Ngozi ya shingo

Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utakachoona ni ngozi kuwa nyeusi zaidi, au yenye rangi ya zambarau, kung'aa, kuwa ya moto ukiigusa, kuwasha na kuvuta. Mwambie mhudumu hata kama yeye akiangalia haoni cha kumshtua. Kisha ngozi hukauka na kubanduka, na kwa wengine, hasa kwenye mikunjo ya shingo, huchubuka na kutoa majimaji.

Ushauri wa zamani kwamba shingo isiguswe na maji umeachwa. Osha kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kwa kiganja, bila kusugua kwa kitambaa. Kausha kwa kugusisha taulo laini. Paka losheni isiyo na harufu waliyoidhinisha wataalamu wako, tabaka jembamba, na ufuate maelekezo yao kuhusu kupaka kabla ya kipindi. Plasta yenye gundi usiibandike eneo hilo, wala barafu, wala chupa ya maji moto. Nyoa kwa mashine ya umeme au acha kabisa. Kola ngumu na mikufu iwekwe kando, na jua likingwe kwa skafu laini. Ndevu na nywele zilizo kwenye njia ya mionzi zitadondoka, na baadhi hazitarudi. Ngozi iliyochubuka huhitaji kufungwa na muuguzi kwa kitambaa kisichonata, na mara nyingi hufunga ndani ya wiki 2 hadi 4 baada ya tiba.

Hatua ya 6: Taya na shingo zisikakamae

Misuli ya kutafuna iliyopigwa mionzi huweza kujifunga polepole, kwa miezi, bila maumivu ya kukustua. Siku moja kijiko hakiingii. Mdomo ukifunguka chini ya milimita 35 tayari ni tatizo la kitabibu, na ukishakaza ni vigumu sana kuurudisha. Kwa hiyo kila siku, tangu mwanzo: fungua mdomo kadiri unavyoweza bila maumivu makali, hesabu hadi 10, funga, rudia mara 5. Sogeza taya kushoto, kisha kulia. Geuza shingo pande zote mbili, inamisha sikio kuelekea bega, zungusha mabega. Rudia mara kadhaa kwa siku, na uendelee hata baada ya kupona. Pima vidole vitatu kila wiki. Vikibaki viwili, nenda kwa mtaalamu.

Uchovu na sauti nasema kwa kifupi. Uchovu ni wa kweli, hauishi kwa kulala, na hupungua kwa miezi. Kutembea kidogo kila siku husaidia kuliko kubaki kitandani. Sauti ikikwaruza, ipumzishe, lakini kunong'ona si kupumzika. Huzuni nzito inayodumu ielezwe kwa daktari kama dalili nyingine yoyote, kwa sababu ina tiba.

Usikose kipindi

Wiki ya 5, mtu akiwa na vidonda na hajalala, huomba apumzike wiki moja ndipo amalizie. Naelewa kabisa kwa nini. Lakini saratani za eneo hili hujibu kwa kuongeza kasi ya kuzaliana katikati ya tiba, na inakadiriwa kwamba kila siku moja tiba inaporefuka, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe hupungua kwa takriban asilimia 1. Kama huwezi kuendelea, waambie ukweli wote ili wakuongezee dawa za maumivu, wakuwekee mrija au wakulaze wodini huku mionzi ikiendelea. Mashine ikiharibika au siku ya mapumziko ikiingilia, uliza watafidiaje.

Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, ukipata lolote kati ya haya: kupumua kwa shida au sauti ya kukoroma unapovuta hewa, damu inayotoka mdomoni au shingoni bila kukoma, joto la nyuzi 38 au zaidi hasa kama unapata kemo, kushindwa kumeza hata maji, au mkojo mchache wenye rangi iliyokolea pamoja na kizunguzungu.

Hatua ya 7: Miezi na miaka inayofuata

Wiki za mwanzo baada ya tiba, endelea na kila kitu: kusuuza, dawa za maumivu, lishe, mazoezi. Mofini isikatwe ghafla, daktari ataipunguza hatua kwa hatua.

Miezi michache baadaye kidevu kinaweza kuvimba kwa chini, zaidi asubuhi, kwa sababu njia za limfu, zinazoondoa majimaji kwenye nyama za mwili, zimeharibika. Uvimbe huo laini hupunguzwa kwa kukanda kitaalamu na kwa kulala kichwa kikiwa juu. Uvimbe mgumu au unaokua upande mmoja ni jambo jingine, uonwe na daktari. Katika kipindi hichohicho wengine huhisi mshtuko kama wa umeme ukishuka mgongoni wanapoinamisha kichwa. Mara nyingi huisha wenyewe baada ya miezi, ila ukija na udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia mkojo, ni dharura.

Tezi ya thairoidi iliyo shingoni, inayotoa homoni za kuendesha mwili, huweza kulegea bila kelele. Omba kipimo cha damu kila miezi 6 hadi 12. Kuhisi baridi, kunenepa, kufunga choo na uzito wa mawazo mara nyingi hudhaniwa ni uchovu wa saratani, kumbe kidonge kimoja cha kila siku kingetosha. Masikio yapimwe kama husikii vizuri. Mishipa mikubwa ya damu ya shingo nayo inaweza kuwa myembamba miaka mingi baadaye na kuleta kiharusi, hivyo shinikizo la damu na mafuta ya kwenye damu vidhibitiwe, na sigara isirudi.

Taya hubaki na hatari yake maisha yote. Hata ikipita miaka 15, daktari wa meno atakayetaka kung'oa jino aambiwe kwanza kwamba taya lilipigwa mionzi, na awasiliane na waliokutibu. Mfupa unaoonekana mdomoni, ganzi ya mdomo wa chini au kidonda cha fizi kisichopona visisubiri.

Kwa ajili hiyo, siku ya kuruhusiwa omba karatasi yenye tarehe za tiba, dozi ya jumla, sehemu zilizopigwa mionzi na dawa za kemo ulizopata. Toa nakala, moja ikae na mtu wa karibu, na nyingine umpe kila daktari mpya wa meno kabla hajagusa kinywa chako.